Siku Skrubu Zilipotulia

Niliomba Mungu anipe subira, naye akaniletea mwanamume asiye na kifungo.

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Mama alikuwa kwenye cherehani yake ya miguu, akishona bitana ya gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Mimi nilikuwa kwenye meza ya kukatia, nimevaa glavu za pamba kama mtu aliyekabidhiwa mayai ya watu. Glavu zile zilikuwa adhabu yangu. Siku chache nyuma, nikiwa nalaza satini ya kifua cha gauni hilohilo, sugu ya kidole changu ilikwama kwenye kitambaa. Uzi ukavutika, na mstari ukakimbia kutoka kifuani hadi kiunoni kama ufa kwenye kioo.

Sugu ile niliipata kwa kupiga gita la besi.

Mama hakufoka. Alikikunja kitambaa kilichoharibika, akakiweka chini ya meza, kisha akagonga mbao kwa kastabini yake, ile kofia ya chuma anayovaa kidoleni ili sindano isimchome. Mama akigonga kwa kastabini ujue shauri limekwisha. "Mwanangu," akasema, "vidole hivyo haviwezi kutumikia mabwana wawili. Gita au meza hii. Chagua."

Nikachagua meza. Ningefanya nini? Macho ya mama yameanza kuona ukungu. Kazi yote ya mkono sasa ni yangu, na nyumba yetu inakula kwa satini. Nililisimamisha gita nyuma ya kabati, nikalifunika shuka, nikapiga magoti. Nilimwambia Mungu kwamba nimemtii mama yangu, basi naye aniondolee hamu. Hamu haikuondoka. Bendi yetu ilikuwa icheze Jumamosi jioni, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na kila nilipofumba macho vidole vya mkono wa kushoto vilijichezea vyenyewe ndani ya glavu.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Niliijua kabla sijageuka. Ilikuwa ya fundi saa, yule ambaye kibanda chake, nyumba chache kutoka kwetu, kimepakana na stoo ya magodoro tunamofanyia mazoezi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mbele ya kioo chake na gita mgongoni. Humkuta ameinama, lenzi nyeusi imebana jichoni. Kila nilipopita aliitoa ile lenzi, akanitazama kwa macho yote mawili. "Habari za jioni, dada." "Nzuri, kaka." Hayo tu. Lakini jinsi alivyoitoa ile lenzi, taratibu, kama mtu anayevua kofia kanisani, ilinifanya niingie mazoezini moyo wangu ukiwa umeitangulia ngoma.

"Karibu," mama akasema bila kuacha kukanyaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi harusi yuko wapi?"

Fundi akatazama nyuma yake, kana kwamba labda kweli kuna mtu. "Bibi harusi gani, mama?"

"Hapa tunashona magauni ya harusi, baba. Wanaume huja wakiwa wameletwa."

"Mimi nimekuja na shati." Akatoa shati jeupe kwenye mfuko, limekunjwa vizuri mno kwa mkono wa kapera. "Kifungo kimetoka. Nikasema niwasumbue."

Mama alinyoosha mkono, akalipokea, akalisogeza karibu na pua kama anavyofanya siku hizi. Macho yake yana ukungu, lakini vidole vyake havina. Alipapasa mahali kifungo kilipokuwa, akatabasamu upande mmoja.

"Uzi ukikatika wenyewe huacha manyoya," akasema. "Huu umenyooka kama ndevu zilizonyolewa. Kifungo hiki kimekatwa kwa wembe, baba. Tena asubuhi hii."

Nilitamani meza inifunike. Fundi saa naye alisimama pale, masikio yamemwiva.

"Mchana, mama," akasema hatimaye. "Asubuhi nilikuwa bado natafuta ujasiri."

Mama akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, na akamwashiria kigoda. "Haya, kaa. Mwongo anayekiri naweza kumpa kiti. Sema kilichokuleta."

Akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi na magoti yake yakamfikia kifuani. Alinitazama, akaziona glavu, akayashusha macho.

"Skrubu zangu zimetulia," akasema.

"Zimefanya nini?"

"Zimetulia, mama. Saa ya mkononi ina skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Nikifungua saa, naziweka kwenye sahani ya bati. Sasa, hawa wa bendi wakianza mazoezi kwa jirani yangu, sahani inatetemeka na skrubu zinacheza. Zinarukaruka kama mbaazi motoni."

"Ndiyo maana umekuja," mama akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Unasikia? Mpaka majirani. Mungu akusamehe, mwanangu, unamwaga hata kazi za watu."

"Hapana, mama, sikuja kulalamika." Alikuwa amejisogeza mbele hata kigoda kikalia. "Mwanzoni nilikasirika, si uongo. Nikainuka niende kuwagombeza. Nikafika mlangoni, nikasikiliza, nikarudi kukaa. Tangu hapo siku za mazoezi nafanya saa za ukutani, zina skrubu kubwa. Nimezipanga siku zangu kufuata sauti ile."

"Sauti ipi?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza, likatoka kama kikohozi.

Akanigeukia, na macho yake yakatua usoni kwangu bila haraka. "Ile stoo imejaa magodoro hadi darini, dada. Magodoro yanameza kila kitu. Mwenzenu anaimba, lakini mimi sijawahi kusikia hata neno moja. Sijui kama mna gita lingine. Kinachopenya ukuta ni kitu kimoja tu, kile kinachotembea chini. Kwangu mimi, wimbo wenu wote ni hicho. Nikienda kulala nakiimba hicho. Nikipiga mswaki ni hicho."

Nilishika ukingo wa meza. Nataka nieleze, maana asiyepiga besi hawezi kujua. Mpiga besi ndiye mtu asiyesikika. Watu humsifu mwimbaji, humsifu mpiga gita, humwonea huruma mpiga ngoma kwa jasho lake. Mpiga besi huulizwa, "Na wewe ulikuwa unafanya nini pale?" Nilijifunza kulishika gita lile katika darasa la jioni la watu wazima, nikiwa na miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba amenisikia. Na huyu hapa alikuwa hajasikia kingine chochote.

"Nani anapiga, sikujua," akaendelea. "Gita lako nililiona, lakini magita siyajui; nilidhani ni yule bwana wa magodoro, kwa mwili ule. Nilikuwa nikiwaona mkiingia watu wanne. Yeye, yule nesi, yule mwalimu wa hesabu, na wewe. Juzi wakaingia watatu. Nikasubiri. Wakaanza, na skrubu hazikucheza. Hata moja. Ndipo nikajua ni wewe."

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Nilikaa naziangalia zile skrubu," akasema kwa sauti ya chini, "na kibanda changu kikawa kama nyumba iliyohamwa."

Mama akakohoa, akarudisha miguu kwenye kanyagio. Cherehani ikaanza tena. Nilijua anajipa muda, kwa maana mshono aliokuwa akiupitia alikwisha kuupitia.

"Baba," akasema huku akikanyaga, "maneno yako ni matamu, na mimi pia nilikuwa msichana. Lakini wewe ukiondoka hapa unaenda kwenye saa zako. Sisi tunabaki na satini. Mwonyeshe vidole, mwanangu. Vua glavu. Mwonyeshe kilichoharibu gauni la watu."

"Mama."

"Mwonyeshe. Hata wakwe watarajiwa wataviona tu. Nani atakubali mke mwenye vidole kama kwato?"

Nikavua. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, uso umeniwaka. Kwenye ncha za vidole vinne kulikuwa na sugu za manjano, ngumu, moja imepasuka kidogo pembeni. Fundi saa aliinama kuzitazama. Hakunigusa. Akatoa lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akainama tena.

"Kwato," akasema polepole. "Mimi naona mtu aliyerudia jambo moja mpaka likamkubali." Kisha, kama mtu aliyejisahau, akaanza kuguna kwa pua ule wimbo wetu wa mwisho, midundo niliyoitunga mwenyewe. Dum, dum, du-dum. Halafu ule mchechemeo mdogo ambao Mwalimu wa Hesabu aliniuliza niliutoa wapi, nikamjibu umekuja tu. Dum, dum, du-dum.

Mama alikuwa akikanyaga.

Mkanda wa ngozi wa cherehani yake uliwahi kukatika zamani, marehemu baba akauunga kwa waya. Tangu siku hiyo, kila gurudumu likizunguka, ule waya hugonga mara moja, tak, na mwendo unachechemea kidogo kabla ya kushika njia tena. Tumeuzoea hata hatuusikii. Sasa niliusikia. Fundi aliguna, cherehani ikagonga, na vyote viwili vikachechemea mahali pamoja, vikainuka pamoja, vikaendelea pamoja.

Miguu ya mama ikasimama. Fundi naye akanyamaza, akidhani amekosa adabu.

"Endelea," mama akasema.

"Samahani, mama, ni mazoea tu."

"Nimesema endelea."

Akaendelea. Mama akakanyaga. Dum, dum, du-dum. Tak. Mungu ni shahidi wangu, sikujua. Nilidhani nimetunga. Kumbe nilipokuwa mtoto, nikilala juu ya vipande vya nguo chini ya cherehani ile, miguu ya mama ikipanda na kushuka karibu na kichwa changu, nilikuwa nameza mdundo ule, na nilipofika miaka thelathini na kitu vidole vikaurudisha.

Mama hakutazama mtu. Aliweka kiganja juu ya gurudumu, kama unavyomtuliza mtoto.

"Huo wimbo umeutoa wapi, baba?"

"Kwenye ukuta wangu, mama."

"Hm." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha. Sauti yake ilipokuja ilikuwa kavu makusudi. "Mzuri. Lakini satini haijui nyimbo. Vidole bado ni vilevile."

Hapo ndipo fundi saa akatabasamu kwa mara ya kwanza, na mimi nikakumbuka kusali, maana nilihitaji msaada.

"Mama, hilo ndilo nililojia. Shati lilikuwa la kuingilia mlangoni." Akatoa kwenye mfuko wa kifuani karatasi ndogo ya kijivu. "Huu ni msasa. Nausugulia vioo na makasha ya saa mpaka usione mkwaruzo. Ushike, mama. Ni laini kuliko ulimi wa paka."

Mama akaupapasa, akainua nyusi. "Na wewe ulijuaje kuhusu vidole?"

"Nilimwuliza nesi kwa nini dada haji. Akanieleza habari za gauni." Akanigeukia. "Sugu haina ubaya, dada. Ubaya ni ukingo wake. Ukilainishwa, sugu inabaki imara kwa nyuzi za gita, na satini inapita juu yake bila kujua. Unaniruhusu?"

Alikuwa akiniuliza mimi, lakini nilimtazama mama. Mama akatazama dari. "Mimi sioni vizuri siku hizi," akasema.

Basi akaushika mkono wangu. Alianza na kidole cha shahada. Alikishika kama anavyoshika vitu vyake vya kazi, kwa ncha za vidole viwili, bila kubana, akawa anausugua msasa kwa mizunguko midogo, midogo. Sijui kama nilipumua. Vumbi jeupe kidogo likaanguka kwenye goti lake. Nilikiona kisogo chake, nikaona mahali kinyozi alipomkosea nyuma ya sikio, nikapapenda mahali hapo kuliko mahali pengine pote duniani. Kila alipomaliza kidole alikipuliza, na pumzi yake ikanipita hadi kwenye kiwiko.

"Vidole vinne vinachukua muda gani huko?" mama akauliza dari.

"Kazi ya saa haitaki haraka, mama."

"Naona. Na hicho cha pete umekirudia."

"Hicho ndicho kinachobonyeza zaidi, mama."

"Naam. Hicho hubonyeza kweli."

Alipomaliza, mama alichukua kipande cha satini kilichobaki, akakitandaza mbele yangu. Nikaweka vidole vinne juu yake, nikavivuta kuelekea kifuani. Kitambaa kikapita chini yao kama maji. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Hakuna kilichokwama. Mama naye akainama, akapitisha kidole chake pale nilipopitisha changu, akitafuta uzi uliovutika. Hakuupata.

"Nakwenda kutafuta uzi mweupe," akasema, na kidonge cha uzi mweupe kilikuwa mbele yake. Akaingia chumba cha nyuma.

Tukabaki wawili. Bado alikuwa amenishika mkono, na nadhani sote wawili tulikuwa tumesahau.

"Mama yako akirudi sitathubutu," akasema kwa haraka. "Jumapili nataka kuja na dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Tuje tuongee na mama yako kama watu wazima. Usiku nimefanya mazoezi ya kulisema hili kwa maneno mazuri, yote yamenitoroka."

"Hayo yametosha," nikasema.

"Usinijibu hapa. Utanijibu kwa sababu ya msasa, au kwa sababu ya huruma, na mimi sitaki jibu la huruma." Akaniachia mkono, akasimama. "Ule uzi wenu mnene kuliko wote, ukipigwa peke yake, wazi, skrubu zote hucheza kwa pamoja. Nyuzi nyingine hazifanyi hivyo. Saa kumi na moja, mazoezi yakianza, nitakuwa nimekaa mbele ya sahani yangu. Zikicheza, Jumapili nakuja. Zikitulia, nimeelewa, na tutaendelea kusalimiana kama zamani."

Akainama kuchukua mfuko wake, akaliacha shati. Mlangoni akageuka, akataka kusema jambo, akapiga goti lake kwenye fremu ya mlango, akaenda akichechemea.

Mama alitoka chumba cha nyuma mikono mitupu.

"Uzi umeupata, mama?"

"Usinichokoze." Akakaa, akavuta gauni mapajani. "Limebaki pindo. Pindo ni kazi ya mashine, nitashona mimi. Vifungo utashona wewe kesho, kwa vidole hivyo vya kifalme. Msasa ameuacha?"

"Ameuacha."

"Basi kila siku kabla hujagusa satini, unasugua. Ukikwamisha tena hata uzi mmoja, hilo gita nitalifanyia ubao wa kupigia pasi." Akaanza kukanyaga. "Bado uko hapa? Saa kumi na moja inakaribia. Nenda kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mkali."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Nililitoa gita nyuma ya kabati, na nilipopita mbele ya kioo cha fundi saa nilikuwa nakimbia. Sikuthubutu kutazama ndani.

Stoo ilinuka sponji mpya na waya wa moto. Nesi alikuwa amekwisha kukaa kwenye ngoma, bado na sare ya zamu. Aliponiona akainua vijiti juu.

"Mgonjwa kapona," akasema. "Mniachie, nimpime mapigo."

"Yako juu," Mwenye Magodoro akasema. Alikuwa amejaza mlango kwa upana wake, gita likionekana kama kijiko tumboni kwake. "Mtazameni uso. Dada, bila wewe tumekuwa tunasikika kama kitanda bila chaga."

"Wanne ukitoa mmoja," Mwalimu wa Hesabu akasema akiunganisha spika yangu, "jibu limekuwa sifuri. Nimekokotoa mara mbili."

Nilicheka, nikavaa mkanda begani. Uzito wa gita ukatua mahali pake kwenye mfupa.

"Nipeni kimya kidogo," nikasema. "Kabla hatujaanza."

Wakanyamaza. Niligeukia ukuta wa upande wa pili. Magodoro yalikuwa yamepangwa hadi darini, mengine bado kwenye nailoni. Nyuma yake kulikuwa na tofali, na nyuma ya tofali mwanamume ameinamia sahani ya bati. Nilifumba macho. Bwana, nikasema, kama huyu ametoka kwako, usiruhusu nikosee uzi.

Nikaupiga ule mnene. Wazi, peke yake.

Sauti ikatoka chini, ikapita nyayoni, ikaingia kwenye magodoro na magodoro hayakuwa na la kuifanya. Sikuibana. Niliiacha itembee mpaka mwisho wake.

Tukasubiri. Nesi alinitazama, akatazama ukuta, akaanza kuelewa, akaweka kijiti mdomoni asicheke.

Upande wa pili, nyundo ndogo sana ikagonga tofali. Mara moja.

Nikaegemea magodoro, na ningeanza kulia pale kama nisingesikia ukuta ukigongwa tena. Safari hii haikuwa nyundo. Ilikuwa chuma chembamba, kikavu, kinachogonga kwa amri, na nilikijua tangu sijajua kusema. Kastabini. Dum, dum, du-dum, ikachechemea, ikashika njia.

"Huyo nani tena?" Mwenye Magodoro akauliza.

"Mama," nikasema. "Amenifuata hadi kwa fundi saa. Anatuhesabia."

Nesi akazipokea zile hesabu kwa mguu wake kwenye ngoma kubwa, nami nikaingia.